Umeme Ukikatika Jioni: Mwongozo Kamili wa Kupika na Kukaa Pamoja kwa Jiko Moja la Mkaa

Unguja tunalijua giza. Mwezi Mei 2008 njia ya umeme unaotufikia kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari iliharibika, tukakaa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikaharibika tena, na mara hiyo umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama na watu wakarudi visimani na madumu. Waya mpya wa megawati 100 ulilazwa mwaka 2013 na mambo yakawa mazuri zaidi, lakini kukosa umeme saa mbili, tatu au usiku kucha bado ni jambo la kawaida kwetu. Wenzetu wa Bara wanaukumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023, na Wakenya wanaukumbuka usiku wa Agosti 25 mwaka huohuo, pale karibu nchi nzima ilipozimika.

Katika giza refu lile niliona nyumba za aina mbili. Kuna nyumba ambamo kila mtu alijitenga na simu yake mpaka betri ikaisha, na mama akabaki peke yake uani na jiko, kibatari na watoto wanaolia njaa. Na kuna nyumba ambamo moto ulipowashwa watu wote walikusanyika pale, kila mmoja na kazi mkononi, na chakula kikaiva mapema kuliko siku zenye umeme. Hazikutofautiana kwa mali. Zilitofautiana kwa mpango, na mpango huo ndio ninaouandika hapa.

Nimechukua nyumba ya watu sita, jiko moja la mkaa, na chakula cha kwetu: wali wa nazi, mchuzi wa samaki aina ya nguru, na mikate ya ufuta ya kulia kesho asubuhi. Ukiwa na jiko la gesi, litumie. Ni safi, ni la haraka, na hatua nyingi za hapa zitakufaa vilevile. Lakini mtungi wa gesi nao huisha usiku, kwa hiyo kujua kupikia mkaa si hasara.

Kazi za macho zifanywe kungali na mwanga

Hii ndiyo hatua inayookoa jioni nzima. Kama umeme umekatika mchana, au mmetangaziwa utakatika, usisubiri Magharibi. Kuanzia saa kumi, zigawe kazi za jikoni katika mafungu mawili: zinazohitaji macho na zinazohitaji masikio, pua na mkono. Za macho zimalizwe kabla ya jua kuzama. Nazo ni kuchagua mchele, kupara na kukata samaki, kukuna nazi, kukata vitunguu na nyanya, kupima unga. Ukichagua mchele kwa kibatari utakula mawe, na kisu cha samaki gizani kinakata vidole.

Hapa ndipo watu wanapogawiwa kazi, na mgawaji awe mmoja. Kwetu ni bibi. Anaketi kwenye kibao, anamwita kila mtu kwa jina. Watoto wadogo wanapewa ungo na mchele. Macho yao ni makali na wanapenda kushindana nani katoa mawe mengi. Vijana wanajaza ndoo na mtungi, kwa sababu umeme ukikatika maji hufuata, na maji yaliyomo kwenye bomba saa kumi huenda yasiwepo saa moja. Wanaume wakae kwenye mbuzi wakune nazi. Nalisema hili nikilimaanisha: nazi nne ni kazi ya mkono wenye nguvu, na mwanamme anayekuna nazi mbele ya watoto wake amewafundisha jambo ambalo maneno hayafundishi. Wawili wapokezane, nazi mbili mbili.

Nazi nne zikishakunwa, tia maji ya vuguvugu kidogo, kikombe kimoja na nusu au viwili, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Hilo ni tui zito. Utapata kama vikombe vitano. Liweke pembeni na ulifunike. Rudia kwa maji vikombe saba upate tui la pili, ambalo ni jepesi. Machicha wape kuku.

Samaki mchague kwa kufikiria giza. Tasi na changu ni watamu, lakini miba yao midogo ni hatari kwa mtoto anayekula kwa mwanga wa taa moja. Nunua nguru au jodari, vipande vinene ambavyo mfupa wake mkubwa unauona na unautoa. Pweza hana mwiba kabisa, ila anataka muda mrefu motoni. Samaki akishaoshwa mpake chumvi, ndimu, thomu (kitunguu saumu) na tangawizi iliyotwangwa, umfunike mbali na paka.

Kinu na mchi vitolewe stoo. Nyumba nyingi sasa zinategemea mashine ya kusagia, na umeme ukikatika ndipo mtu anakumbuka kuwa kinu kilipewa jirani. Thomu, tangawizi, pilipili manga na iliki vitwangwe mapema.

Taa

Taa mbili zinatosha, na moja yake isiwe ya moto. Taa ya sola iliyowekwa juani tangu asubuhi, au tochi ya kuchaji, ikae jikoni, kwa sababu mpishi anahitaji mwanga usiozimwa na upepo. Ining'inizwe juu, nyuma ya bega lako, ili kivuli chako kisiangukie sufuria. Chemli inafaa pale mtakapokaa. Safisha chimni yake mchana, punguza utambi uwe sawasawa. Utambi uliopinda hutoa moshi na kuichafua chimni papo hapo.

Kibatari kisicho na chimni sikipendi nyumba yenye watoto. Kikianguka mafuta yote yanamwagika, na moto unafuata. Mishumaa iwekwe kwenye sahani pana yenye mchanga, kamwe isiwe juu ya ndoo ya plastiki au kando ya pazia. Na mafuta ya taa msiyaweke kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu gizani hachunguzi. Akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa ayatapike. Mpeleke hospitali mara moja, maana mafuta yakiingia mapafuni wakati wa kutapika ndipo madhara makubwa yanapotokea.

Kuwasha moto

Weka jiko uani, au barazani penye hewa. Hapa sina neno la kulainisha: jiko la mkaa halipikiwi wala haliachwi ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kinauma, anachoka, analala, na haamki. Hata makaa yaliyofifia, yale unayoyaona kama majivu, bado yanaitoa. Mvua ikinyesha pika chini ya upenu, au mlango na madirisha yote yawe wazi na jiko litolewe nje mara upishi unapokwisha. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha.

Kwa mlo huu utahitaji kama kilo moja na nusu ya mkaa, pengine mbili ukiwa na jiko la bati tupu. Majiko yenye ganda la udongo ndani, ambayo yalianza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na sasa yapo kila soko la Afrika Mashariki, yanakula mkaa kidogo zaidi kwa sababu udongo unalishika joto. Bei yake inarudi haraka.

Chini ya jiko panga vipande vya makumbi makavu, juu yake kifuu kimoja kilichovunjwavunjwa, juu kabisa mkaa wa vipande vidogo. Elekeza kijimlango cha jiko kunakotoka upepo. Washa makumbi kwa kiberiti, acha yashike, kisha pepea polepole. Watu wengi wanawashia mfuko wa plastiki. Msifanye hivyo, moshi wake ni sumu na unaingia kwenye chakula. Na usimimine mafuta ya taa kwenye moto uliokwisha shika, hata kama unaonekana umekufa.

Kupepea ni kazi ya mtoto mkubwa, miaka kumi na kuendelea, akiwa amekaa upande ambao upepo hausukumi cheche. Wadogo wakae nyuma ya mkeka. Tandika mkeka huo hatua mbili tatu kutoka jikoni na useme kwamba ukingo wake ndio mpaka. Weka ndoo ya maji na ndoo ya mchanga karibu. Mtu akiungua, mwagie maji safi ya kawaida kwa dakika 20 mfululizo. Dawa ya meno, mafuta na asali visipakwe.

Usianze kupika moshi ukiwa bado unatoka. Subiri dakika kumi na tano au ishirini, mpaka vipande vimeshika rangi nyekundu na kuanza kuota majivu meupe juu. Katika muda huo weka birika. Maji ya kwanza yanayochemka yaingie chupa ya chai, ndiyo yatakayowafaa usiku.

Wali kwanza, maana unataka moto mkali na kisha hautaki moto wako tena

Mpangilio wa mapishi unafuata umri wa moto. Moto mchanga ni mkali: upe wali. Moto wa kati upe samaki na mchuzi. Ongeza mkaa mara moja, upate moto sawa wa mikate. Moto mzee upe chai na muhogo. Ukienda kinyume utaongeza mkaa mara nne na mtakula saa nne usiku.

Pima vikombe vitano vya mchele, karibu kilo moja. Ukoshe, uroweke nusu saa. Chemsha vikombe sita vya tui la pili pamoja na chumvi vijiko vidogo viwili, na iliki mbili ukipenda. Likichemka, mimina mchele uliochujwa, koroga mara moja kwa mwiko ili usishike chini, funika. Kabla maji hayajakauka kabisa, mimina vikombe viwili vya tui zito, geuza taratibu kutoka chini kwenda juu, funika tena. Mchele mpya unywe maji kidogo, wa zamani unywe zaidi. Mpishi anaujua mchele wa duka lake.

Sasa tumia masikio. Zima tochi ukitaka, utasikia vizuri zaidi. Wali wenye maji mengi unatokota kwa sauti nene. Maji yakipungua sauti inakuwa nyembamba na ya haraka, kisha unasikia kupasukapasuka kidogo chini ya sufuria. Hapo ndipo pa kuutoa. Ukingoja sauti iishe kabisa utasikia harufu ya ukoko ulioungua. Wafundishe watoto kusikiliza. Waulize sufuria inasema nini. Mtoto aliyejifunza kupika kwa sikio hatishwi na giza, na siku akipika kwenye gesi au jiko la umeme wali wake hautaungua.

Kinachofuata ndicho kinacholifanya jiko moja litoshe: kupalia. Tandaza majivu ya moto na makaa machache tu juu ya mchanga au kwenye sinia la bati la zamani, iketishe sufuria ya wali juu yake. Funika kwa mfuniko wa bapa, kisha chota makaa mekundu kwa koleo uyapange juu ya mfuniko. Moto wa juu unaukausha wali, wa chini unaushikilia. Uache hivyo nusu saa au dakika arubaini. Jiko lako sasa liko wazi, na wali unaiva wenyewe pembeni bila kukudai kitu. Anayeondoa mfuniko baadaye aondoe makaa kwanza, apanguse majivu kwa kitambaa kibichi, ndipo afunue.

Samaki na mchuzi

Weka chanja juu ya jiko. Banika vipande sita vya nguru, dakika nne au tano kila upande, mpaka vishike rangi na vianze kuachia kwenye waya vyenyewe. Havihitaji kuiva ndani; mchuzi utamalizia. Harufu hii itawaleta hata waliokuwa wamelala, na ni wakati mzuri wa kumpa kazi yule kijana aliyebaki na simu: ashike koleo ageuze samaki.

Kwenye sufuria kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo, tia thomu na tangawizi, nyanya tatu, kijiko kidogo cha bizari, pilipili nzima isiyopasuliwa. Nyanya zikilainika mimina kikombe cha tui la pili na kipande cha embe mbichi au maji ya ukwaju. Likichemka, tia kikombe kimoja na nusu cha tui zito, na kuanzia hapo usiache kukoroga, ukiinua kwa upawa na kumimina, mpaka lichemke tena. Tui lililoachwa lichemke peke yake hukatika, na mchuzi ukikatika haurudi. Panga samaki, punguza moto kwa kufunga kijimlango cha jiko, acha dakika kumi. Onja chumvi mwangani, ukiangalia kijiko. Wadudu hupenda mvuke wa mchuzi. Funika mara moja kwa kawa.

Wanaokwenda kuswali Magharibi waende sasa. Mchuzi unaweza kusubiri kando ya jiko, ukikaribiana na sufuria ya wali, na hautaharibika.

Mikate ya ufuta, na kwa nini nimeiweka hapa

Nimeuchagua mkate huu kwa sababu unahitaji moto wa mkaa wenyewe. Umeme hauwezi kuufanya inavyotakiwa, na kuupika ni tamasha kwa watoto. Unga wake ukandwe mapema, saa kumi na moja: vikombe vitatu vya unga wa ngano, kijiko kidogo cha hamira, chumvi nusu kijiko, yai moja, na tui zito la vuguvugu kikombe kimoja na nusu. Uupige kwa mkono ndani ya bakuli dakika kumi, ukiuinua na kuubwaga, mpaka uwe mlegevu unaovutika. Ni kazi ya kupokezana, kila mtu ahesabu vipigo hamsini. Funika, uache uumuke.

Ongeza mkaa, usubiri ushike wote. Unahitaji kikaango cha chuma kizito chenye mpini. Kile cha kisasa kisichogandisha chakula hakifai, kwa sababu mkate huu lazima ugande. Usitie mafuta. Kikaango kikipata moto, chovya mkono kwenye maji ya chumvi, chota unga, utandaze unene wa kama kidole kidogo. Nyunyiza ufuta juu. Ukiona vitundu vimetokea na kingo zimekauka, kiinue kikaango ukigeuze kichwa chini, uso wa mkate uelekee makaa. Haudondoki. Watoto hushika pumzi kila mara, hata kama wameona mikate mitatu kabla. Zungusha kikaango polepole juu ya makaa, dakika moja au mbili, mpaka uso uwe wa rangi ya dhahabu yenye madoa. Ubandue mkate kwa kisu bapa, uupake samli. Kiasi hiki kinatoa mikate minne au mitano.

Anayegeuza awe mtu mzima mwenye mikono imara, na kanga au mkono mrefu wa nguo usining'inie. Mkate wa kwanza ukatweni palepale, kila mtu kipande. Mingine funga kwenye kitambaa safi iwe kifungua kinywa.

Kula pamoja

Tandika mkeka, weka sinia moja au mawili. Chemli isiwekwe katikati ya sinia, ingawa ndipo mkono unapotaka kuiweka. Iweke mbali kidogo na juu, kwenye kiti au dirishani, ili wadudu waende huko. Siku za mvua kumbikumbi hawana huruma na wali. Mmoja azunguke na birika na bakuli, amnawishe kila mtu, akianza na mkubwa. Mkubwa aseme Bismillahi, aanze, kila mtu ale upande wake. Mama au shangazi awatolee watoto mfupa wa samaki kabla ya kuwapa.

Simu zizimwe, na sina maana ya adabu tu. Betri hiyo ndiyo mtakayompigia daktari au jirani usiku. Iacheni simu moja wazi, ya mtu mmoja, zilizobaki ziwekwe kwenye kikapu kimoja.

Baada ya kula, jiko bado lina makaa. Zika muhogo au viazi vitamu kwenye majivu ya moto, teleka birika la mchaichai na tangawizi. Huu ndio wakati wa bibi na babu. Mkubwa anaita "Paukwa!" na watoto wanaitika "Pakawa!", kisha aendelee na yale maneno ya kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa. Mtoto asiyeyajua ayajue usiku huu. Kama nyumba yenu haina tena mtu anayekumbuka hadithi nzima, msione haya. Aanze mmoja kusimulia alivyokuwa mdogo, kisima alichochota maji, mwalimu aliyemwogopa. Watoto wanayataka hayo kuliko sungura na fisi.

Vitendawili vinafaa kwa wale wasiotulia. "Nyumba yangu haina mlango": yai. "Kuku wangu katagia miibani": nanasi. "Kamba yangu ndefu, haifungi kuni": njia. Anayeshindwa anatoa mji, na aliyetega anautembelea mji huo kwa maneno kabla ya kutoa jibu. Mwachieni atembee, aeleze amekula nini na nani kamkaribisha, maana hapo mtoto anajifunza kusema mbele ya watu. Wakubwa watoe bao la kete. Lina mashimo 32 na kete 64, huchezwa hata kwenye mwanga hafifu kwa sababu mkono unazihesabu kete wenyewe. Karata zinataka taa nzuri zaidi.

Yule aliyepika asiguse chombo. Waliokula waoshe, kwa ile ndoo iliyojazwa saa kumi. Majivu yaliyopoa na kipande cha makumbi vinang'arisha sufuria vizuri.

Kama giza litazidi siku moja

Jokofu lisilofunguliwa linashikilia ubaridi kama saa nne. Friza iliyojaa inaweza kufika saa 48, iliyo nusu kama saa 24, mradi hamfungui kuchungulia. Kabla muda huo haujaisha samaki na nyama vipikwe vyote siku hiyohiyo, vikaangwe vikavu, na jirani agawiwe. Kesho yeye ndiye atakayekuwa na mkaa. Mkiwa na samaki wengi, wapasueni, watieni chumvi nyingi na kuwaanika juani wawe ng'onda.

Kiporo cha wali ni jambo la kuangaliwa sana. Wali uliopikwa ukikaa kwenye joto letu zaidi ya saa mbili unaweza kuzalisha sumu isiyouawa na kupasha moto. Kwa hiyo pikeni wa kutosha kuliwa, si wa kubaki. Wa tui ndio unaochacha haraka zaidi. Maziwa, mayai yaliyochemshwa na nyama iliyopikwa zifuate kanuni hiyohiyo.

Kwa kunde, maharage na pweza, tengenezeni kikapu cha joto. Chukueni kikapu kikubwa cha ukili, kizungusheni ndani mito ya sufi au blanketi lililokunjwa, mbaki na shimo la kutosha sufuria moja. Kunde zilizorowekwa usiku kucha zichemke kwa nguvu jikoni nusu saa, mfuniko ukiwa umekaza. Maharage mekundu hasa yasipunguziwe muda huo, kwa sababu yasipochemka vizuri yanaumiza tumbo vibaya. Kisha sufuria iingie kikapuni moja kwa moja ikiwa inatokota, ifunikwe mto juu, iachwe saa tatu au nne bila kufunuliwa. Ikitoka ichemshwe tena kabla ya kutia tui. Mkaa unaookoa hapo ni wa mlo mwingine mzima.

Na umeme ukikatika ghafla saa moja usiku, hamjajiandaa kwa lolote? Acheni nazi na samaki. Washeni jiko, songeni ugali au chemsheni muhogo, mayai na chai, mkae mkeka uleule. Kupika vyakula vitatu gizani bila maandalizi kunaleta ugomvi.

Kufunga jiko

Makaa yaliyobaki msiyamwagie maji jikoni; ganda la udongo litapasuka na mvuke utawaunguza mkono. Yatoeni kwa koleo moja moja kwenye chungu au debe la bati, mfunike yakose hewa. Yatazimika yenyewe, na kesho yatashika upesi kuliko mkaa mpya. Jiko libaki nje usiku kucha. Chemli ipunguzwe, mishumaa izimwe, na mtu mzima mmoja azunguke nyumba nzima kabla ya kulala, aguse kila pembe ambako moto ulipita.

Chomoeni pasi, jiko la umeme, televisheni na friji, maana umeme mara nyingi hurudi na nguvu isiyo sawa na hapo ndipo vyombo huungua. Acheni swichi ya taa moja tu imewashwa, iwajulishe ukirudi. Ukirudi, subirini dakika kumi na tano hivi kabla ya kuwasha friji, kisha fungueni friza: kilichobaki na barafu ndani yake kinaweza kugandishwa tena au kupikwa, kilicholainika na kupata joto kitupwe, hata kama hakinuki.